Mtoto Anasoma, au Anaimba?

Kipindi cha elimu kwa wasikilizaji walioko makambini
Sauti: Mtangazaji na Mwalimu

[MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA POLEPOLE.]

MTANGAZAJI: Nawasalimu mlioko Nyarugusu kule Tanzania, mlioko Lusenda katika Fizi, na ndugu zetu Wakongomani mnaoishi katika makambi ya Burundi. Leo tunazungumza juu ya watoto wetu wadogo, wale wa darasa la kwanza mpaka la tatu, na jinsi wanavyojifunza kusoma. Niko hapa na mwalimu aliyezaliwa Kigwena, katika Rumonge, pale barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac inapopita karibu na msitu. Alifundisha watoto wadogo huko kwao, na sasa anafundisha kambini. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Asante, dada. Nawasalimu wasikilizaji wote, hasa akina mama ambao saa hizi wako jikoni na redio iko mlangoni.

MTANGAZAJI: Ulipoingia hapa ulinisimulia habari ya mtoto wa jirani yako. Naomba tuanze na hiyo.

MWALIMU: Ndiyo. Jirani yangu mmoja aliniita nyumbani kwake nimsikilize binti yake. Yuko darasa la pili. Mtoto akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti nzuri kabisa. Mama yake amesimama pale, anatabasamu. Mimi nikaweka kidole kwenye neno moja la katikati, nikauliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Akanyamaza. Akarudi juu ya ukurasa, akaanza tena tangu mwanzo, akashuka mpaka akafika kwenye kidole changu. Nikafunga kitabu. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

MTANGAZAJI: Kitabu kimefungwa, na anaendelea?

MWALIMU: Anaendelea. Alikuwa anaimba. Mama yake akaumia sana, nikaona mkono umeanza kupanda. Nikamwambia, "Mama, usimpige. Mtoto aliyeshika ukurasa mzima kichwani ana akili ya kutosha. Hajafundishwa kusoma tu."

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, tulieleze jambo hili vizuri, kwa sababu kuna wazazi wengi wanaoamini mtoto anasoma, wakashtuka akifika darasa la nne na hawezi kusoma swali la mtihani. Mara nyingi kosa si la mtoto, wala si la mwalimu peke yake. Chukua darasa lenye watoto mia na zaidi, na kitabu kimoja kilicho mkononi mwa mwalimu. Mwalimu anasoma sentensi, watoto wote wanajibu kwa pamoja. Ukipita nje unasikia kelele nzuri: ba, be, bi, bo, bu. Lakini katika kelele ile wako watoto ambao macho yao hayajawahi kugusa herufi. Wanafuata sauti ya mwenzao.

MWALIMU: Nami nilikuwa mmoja wao! Nilijua "ba be bi bo bu" kama wimbo. Ukiniandikia "bo" peke yake ubaoni, ilinibidi niimbe tangu "ba" nikihesabu kwa vidole.

MTANGAZAJI: Basi mzazi atajuaje, hata kama yeye mwenyewe hajui kusoma?

MWALIMU: Afanye kama nilivyofanya mimi. Weka kidole katikati ya ukurasa, mahali popote. Akikuambia neno, weka kidole mahali pengine ambapo unaona neno hilohilo limeandikwa. Hata asiyesoma anaweza kuona kwamba maumbo mawili yanafanana. Kama mtoto anasoma kweli, atakupa jibu lilelile. Na umuulize, "Hiyo habari uliyosoma inasema nini?" Akuambie kwa maneno yake.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa tueleze kusoma ni kazi gani hasa. Sisi watu wazima tumesahau, tunafikiri ni jambo moja.

MWALIMU: Ni kazi tatu zinazokwenda pamoja. Kwanza, mtoto ajue kwamba alama hii ina sauti hii. Pili, aunganishe sauti ziwe silabi, na silabi ziwe neno. Tatu, neno hilo likiingia sikioni mwake liamshe kitu anachokijua. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Unaweza kumfundisha mtoto wa Kigwena kutamka maneno ya lugha ambayo hajawahi kuisikia nyumbani. Atayatamka. Lakini hakuna kitu kitakachoamka.

Sisi tuna bahati moja kubwa. Kiswahili na Kirundi vinaandikwa karibu kama vinavyosikika. Irabu ni zilezile 5, na "a" ni "a" kila mahali. Mtoto wa Kiingereza anateseka miaka mingi kwa sababu herufi moja ina sauti nyingi. Mtoto wetu akishika silabi zake vizuri, anaweza kusoma maneno mengi sana katika muda mfupi. Ugumu wetu uko mahali pengine: maneno yetu ni marefu. "Tutakapowapelekea" ni neno moja! Mtoto anayetambaa silabi moja moja akifika mwisho amesahau mwanzo. Kwa hiyo anahitaji kusoma kila siku, kidogo kidogo, mpaka macho yazoee kushika silabi mbili tatu kwa mara moja.

MTANGAZAJI: Kila siku, na kitabu hakipo.

MWALIMU: Chukua kartoni ya sabuni. Kata vipande vidogo, kama karata. Kama huna biki, tumia mkaa. Andika silabi 9 tu: ba, bu, ma, ka, ku, ta, to, ti, ki. Kila moja uiandike mara mbili. Kama hujui kuandika, mwombe kijana wa jirani, ni kazi ya robo saa. Mpe mtoto, mwache acheze. Atapata mama, baba, kuku, bata, kata, toka, kiti. Siku moja ataweka tatu pamoja, ki, ta, bu, na atapiga kelele. Mimi nimeziona kelele hizo mara nyingi na bado hazijanichosha. Halafu ataweka ka, ma, ta, akimbie kumkamata mdogo wake.

Ukifanya hivyo, mtoto hawezi kuimba, kwa sababu karata hazikai katika mpango wa wimbo. Lazima atazame.

[SAUTI YA ZIWA, INAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Mwalimu, sasa niingie kwenye jambo linalowasumbua wasikilizaji wetu wengi, nalo ni lugha. Kwenu Kigwena nyumbani mliongea nini?

MWALIMU: Kirundi na Kiswahili, zote mbili, kama watu wengi wa Rumonge. Sokoni Kiswahili, kwa bibi Kirundi. Hata samaki wetu ana majina kulingana na ufuko uliosimama. Kwetu kwa Kirundi tunamwita indagara. Kwa Kiswahili cha Rumonge au cha Uvira ni ndagala. Ukivuka mpaka Kigoma, ni dagaa. Na mukeke wetu, Kigoma wanamwita mgebuka. Samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile.

Sasa mtoto wa Kigwena anaingia shule. Katika shule za Burundi miaka ya kwanza masomo yanafundishwa kwa Kirundi, na Kifaransa kinachukua nafasi baadaye. Na katikati ya miaka ya 2000, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili viliingizwa kama masomo kwa watoto wadogo pia. Lugha 4 kwa mtoto ambaye meno ya mbele bado hayajaota!

MTANGAZAJI: Halafu vita au hofu inakuja, na familia inavuka maji.

MWALIMU: Ndiyo. Mwaka 2015 wengi waliingia Kagunga, meli ya Liemba ikawachukua mpaka Kigoma. Wengine walikwenda upande wa Kongo. Mtoto aliyefika Nyarugusu alikuta shule ya Warundi inayofuata mpango wa masomo wa Burundi. Aliyefika Lusenda alikuta mpango wa Kongo, Kiswahili na Kifaransa. Watoto wawili wa mlango mmoja, wakipelekwa kwa ndugu tofauti, wanasoma kwa njia tofauti. Na wakirudi nyumbani tena, jambo jingine.

MTANGAZAJI: Tumeliona hilo. Familia zilizokimbia Rumonge na Nyanza-Lac mwaka 1972 zilikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kule Tanzania. Walipoanza kurudi kwa wingi, tangu mwaka 2008, watoto na wajukuu wao walikuwa wamesoma shule za msingi za Tanzania, kwa Kiswahili. Walikuta shule ya Kirundi na Kifaransa. Kijana mrefu anawekwa dawati moja na watoto wadogo, anachekwa, anaacha shule.

MWALIMU: Na kijana huyo alikuwa anajua kusoma! Hilo ndilo linaloniuma. Kusoma ukishakujua kwa lugha moja, hukuanzi upya kwa lugha nyingine. Aliyesoma "kitabu" atasoma "igitabu". Aliyesoma "kalamu" atasoma "ikaramu", na "mkate" atasoma "umukate". Kinachobaki ni kujifunza maneno, na mahali pachache ambapo maandishi yanatofautiana. Kirundi kinaandika "icayi" kwa c peke yake. Kiswahili kinaandika "chai" kwa ch. Na Kifaransa kikiandika ch, wanasoma kama sh yetu. Mtoto aliyeanza kwa Kifaransa atakusomea "shai". Usimchape. Mwambie, "Kwa Kifaransa umesoma sawa. Kwa Kiswahili tunasema hivi." Dakika moja, imekwisha.

Na kuna jambo moja zaidi. Kiswahili chetu cha Rumonge, na cha Uvira vilevile, tunasema "mutoto", "mukate". Kitabu kinaandika "mtoto", "mkate". Mtoto akisoma "mutoto", walimu wengine wanamkemea kwamba amekosea. Mimi nasema amesoma! Ameliona neno, amelielewa, na ametamka kama mama yake anavyotamka. Usanifu utakuja polepole.

MTANGAZAJI: Kuna wazazi wanaosema, "Lugha ya nyumbani mtoto anaijua tayari, shule imfundishe Kifaransa au Kiingereza tangu siku ya kwanza, ndizo lugha za kazi."

MWALIMU: Nawaelewa, wanatafuta mkate wa mtoto. Lakini tazameni. Mwaka 2014 kulikuwa na upimaji mkubwa unaoitwa PASEC, katika nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Walipima watoto mwanzoni mwa shule ya msingi. Kwa jumla ya nchi hizo, zaidi ya watoto 7 kati ya 10 hawakufikia kiwango cha kutosha katika lugha. Burundi ilikuwa ya kwanza. Karibu watoto 8 kati ya 10 walikifikia. Burundi si nchi tajiri kuliko zile nyingine, wala madarasa yake si matupu. Lakini watoto wa Burundi walipimwa kwa Kirundi, lugha waliyofundishiwa na wanayoielewa. Karibu kote kwingine walipimwa kwa lugha ya kigeni. Wala watoto wa Burundi hawakubaki nyuma baadaye walipofika kwenye Kifaransa.

Kwa hiyo, mama, ukiwa kambini na shule inafundisha kwa lugha nyingine, usiache kumsomesha mtoto nyumbani kwa lugha unayoongea naye. Hupotezi muda wake.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Hapo tumezungumza juu ya kujua kusoma. Kupenda je? Mtoto anaweza kujua na asipende.

MWALIMU: Nitasema habari ya baba yangu. Alikuwa mvuvi, na hakujua hata kuandika jina lake. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukijaa, taa haiwavuti, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wanakaa nyumbani. Sisi watoto tulizisubiri siku hizo, kwa sababu baba alikuwepo na alisimulia hadithi za sungura, yule tunayemwita Bakame. Anafika mahali sungura amebanwa, ananyamaza, anavuta tumbaku. Sisi tunalia, "Halafu? Halafu?"

Nilipoanza shule, aliniambia, "Sasa zamu yako. Nisomee." Nilikuwa na karatasi chache tu za kitabu kilichochanika. Nilikwama kila mahali. Yeye hakuweza kunisahihisha, maana hakujua kama nimekosea! Aliuliza tu, "Halafu?" Ikanibidi nitafute. Nadhani kama angejua kusoma angenikatiza kila neno, na ningechukia.

MTANGAZAJI: Hilo neno walishike wazazi wasiojua kusoma.

MWALIMU: Na wanaojua pia! Mtoto akisoma, usimkatize kila anapokosea. Mwache afike mwisho wa sentensi. Akiomba hadithi ileile kwa mara ya kumi, mpe ileile. Anaipenda kwa sababu anaijua, na maneno yanazidi kukaa machoni. Akitaka kuruka kurasa aende kwenye picha ya fisi, aende. Na tafadhali, kitabu kisiwe adhabu. Mtu anamwambia mtoto mkorofi, "Kaa hapo usome kurasa tano!" Huyo ameharibu kazi ya mwaka mzima.

MTANGAZAJI: Zile karatasi zilizochanika ulizipata wapi? Shule haikuwa na vitabu?

MWALIMU: Sitaitaja hiyo shule. Vitabu vilikuwepo, kwenye kabati, na kabati lilikuwa na kufuli. Waliogopa tutavichafua, na ukaguzi ukija vihesabiwe vyote. Vilihesabiwa vyote, vikiwa vipya kabisa, mpaka mchwa walipovipata. Mimi nilijifunza kusoma ufukweni, kwenye mitumbwi. Wenyewe wanaipa majina, wanaandika kwa rangi ubavuni, kila mmoja neno lake. Nilitembea mtumbwi hadi mtumbwi nikisoma. Maneno mengine hayakufaa mtoto, lakini niliyasoma.

MTANGAZAJI: [ANACHEKA] Kambini hakuna mitumbwi.

MWALIMU: Kuna gunia la unga, kuna debe la mafuta, kuna kibao cha bomba la maji, kuna namba ya nyumba, kuna karatasi ya dawa kutoka kituo cha afya. Ukienda na mtoto kuteka maji, muulize, "Hapo wameandika nini?" Haichukui hata dakika.

Lakini hadithi haiko kwenye debe la mafuta. Vitabu vya hadithi vinahitajika, na vinaweza kufika mahali pagumu. Kule Garissa, Kenya, tangu mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kubeba vitabu kwa ngamia kuwapelekea wafugaji. Na mwaka 2014, makambi ya Wakongomani hapa Burundi yalikuwa kati ya sehemu za kwanza duniani kupokea lile sanduku la maktaba linaloitwa Ideas Box, la shirika la Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na UNHCR. Masanduku yanafunguliwa, yanakuwa meza na rafu, vitabu viko wazi, watoto wanashika wenyewe.

MTANGAZAJI: Na mahali ambapo ngamia hafiki wala sanduku halifiki?

MWALIMU: Vitabu 10 na mfuko wa kitambaa vinatosha kuanza. Walimu wa kambi wakubaliane, kila mtaa mfuko mmoja, nyumba moja ukae siku 3, kisha uhamie nyumba nyingine. Mtoto mkubwa wa darasa la sita awasomee wadogo; yeye mwenyewe atapona pale alipokuwa dhaifu, na hataona haya kwa sababu anasoma kitabu rahisi kwa ajili ya wadogo. Kama kuna mwenye simu na intaneti, upo mradi wa Afrika Kusini unaoitwa African Storybook, unatoa hadithi bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zinaruhusiwa kuchapishwa kwenye karatasi.

Au mtunge wenyewe. Bibi asimulie habari ya Bakame, au jinsi tumbili wa msitu wa Kigwena walivyokuwa wakiiba mahindi. Mtoto mkubwa aandike, sentensi moja kila ukurasa, mdogo achore. Shona kwa uzi wa gunia. Nimeona watoto wakisoma vitabu vya namna hiyo mpaka vikachanika, kwa sababu jina la bibi yao limo ndani.

MTANGAZAJI: Vikichanika?

MWALIMU: Vichanike. Vitashonwa tena. Mfundishe tu mtoto anawe mikono, na asiweke kitabu karibu na mawese. Doa la mawese halitoki.

MTANGAZAJI: Muda unatubana. Mama ana watoto watano, anatoka kutafuta kuni, anapika, taa hana. Ni saa ngapi atamsikiliza mtoto?

MWALIMU: Saa kumi na moja jioni, kabla giza halijaingia, akiwa anachambua maharage. Mtoto akae karibu naye, asome dakika 10. Mama mikono yake inaendelea na kazi. Anachotoa ni sikio. Siku ambayo hawezi, kaka mkubwa asikilize. Baba pia, kama yupo! Akina baba wengi kambini wana saa nyingi kuliko akina mama, nami nasema hivyo kama baba.

MTANGAZAJI: Na yule binti wa jirani yako? Wasikilizaji watataka kujua.

MWALIMU: Tulimtengenezea karata. Wiki ya kwanza alilia, alitaka kurudi kwenye wimbo wake. Juzi nilipita pale, nikamkuta amelala kifudifudi mbele ya gunia tupu la unga, anafuata herufi kwa kidole. Alikuwa amekwama. Lilikuwa neno la Kiingereza.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, silabi za karata ni hizi tena, andikeni taratibu: ba, bu, ma, ka, ku, ta, to, ti, ki. Kila moja mara mbili. Tukutane tena wiki ijayo, saa hiihii.

[MUZIKI WA KUFUNGA]